Tusihesabu Vinywa Tukasahau Mikono

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali katika Kata ya Kamunyonge, Manispaa ya Musoma, juu ya uzazi, uzee na uchumi wa Taifa.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mtu ana neno la kulisemea, lakini ni wachache wanaokaa chini na kulipigia hesabu. Jambo hilo ni idadi ya watu. Wako wanaosema kwamba tunazaana mno, na kwamba umaskini wetu wote chanzo chake ni uzazi. Wako pia wanaosema kwamba nchi yetu ni pana, ardhi ipo, na kwamba kila anayetaja uzazi wa mpango anatumwa na wakubwa wa ng'ambo wanaoogopa wingi wetu. Pande zote mbili husema kwa sauti kubwa. Mimi naomba leo tuziache sauti, tuangalie hesabu. Maana ninyi mlio hapa ndio mnaoandikisha watoto wa darasa la kwanza, ndio mnaoandaa mafaili ya wastaafu, na ndio mtakaokuwa wastaafu wenyewe.

Hesabu Zinavyosema

Sensa ya mwaka 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, ilituhesabu Watanzania milioni 12.3. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Maana yake ni kwamba katika miaka 55 tumekuwa mara tano. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka; na taifa linaloongezeka kwa kasi hiyo hujizidisha mara mbili katika muda wa miaka 22 hivi. Mkoa wetu wa Mara peke yake ulitoka watu milioni 1.74 mwaka 2012 ukafika milioni 2.37 mwaka 2022. Ni nyongeza ya zaidi ya mtu mmoja kwa kila watatu waliokuwapo, katika miaka kumi tu.

Sasa tuwatazame watu hao kwa umri wao. Katika kila Watanzania 100 waliohesabiwa mwaka 2022, 43 hivi walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 15. Wenye umri wa miaka 60 na zaidi hawakufika 6. Mtu anayesoma hesabu hizi kwa haraka atasema: sisi ni taifa la watoto, habari za uzee tuwaachie Wajapani. Lakini hapo ndipo anapokosea. Mwaka 2012 wazee wetu walikuwa milioni 2 na nusu. Mwaka 2022 walikuwa karibu milioni 3 na nusu. Fungu lao katika mia halikubadilika kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu watoto nao waliongezeka. Lakini katika miaka kumi wazee walizidi kwa karibu milioni moja. Mzee hali chakula cha asilimia, Ndugu zangu. Anakula ugali kama mtu mwingine, na dawa ya shinikizo la damu anayoihitaji hainunuliwi kwa wastani wa Taifa.

Kwa hiyo sisi tumebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kichwani tumejitwisha watoto wengi, na mgongoni tumeanza kubeba wazee wengi. Nchi za Ulaya zilipewa nafasi ya kutua mzigo mmoja kabla ya kuinua mwingine. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 kuliongeza maradufu fungu la watu wake wenye miaka 65 na zaidi, kutoka asilimia 7 hadi 14. Japani ilifanya safari hiyo hiyo katika miaka 24, kati ya mwaka 1970 na 1994. Sisi zamu yetu itakapofika hatutasubiriwa.

Vinywa Kwanza, Mikono Baadaye

Mwaka 1969, alipokuwa akiueleza mkutano wa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aligusa jambo hili kwa namna ambayo mpaka leo haijapitwa. Hakusema kwamba kuongezeka kwa watu ni ubaya; alikiri kwamba nchi ni kubwa na ardhi ipo. Alichokumbusha ni kwamba wale wanaoongezeka kila mwaka huja wakiwa watoto wachanga, wala si wafanyakazi. Wanahitaji kulishwa, kutibiwa na kusomeshwa kwa miaka mingi kabla hawajashika jembe. Ndiyo sababu alihimiza kuzaa kwa kufikiri uwezo wa kulea.

Maneno hayo yana uzito wa pekee yakisemwa na mtoto wa Butiama. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22 na watoto 26. Hakuwa mtu asiyejua hesabu. Katika uchumi wa wakati ule, ardhi ilikuwa wazi, shule haikuwapo, na mtoto wa miaka sita alikwishakuwa mchungaji wa mbuzi. Kinywa kiligeuka kuwa mikono upesi. Siku hizi mtoto yule yule atakaa darasani mpaka miaka 17 au zaidi, na ni haki yake kukaa. Kilichobadilika ni gharama ya kumfanya mtoto awe mtu mzima mwenye manufaa; na gharama ikibadilika, hekima nayo haina budi kubadilika.

Tuchukue mfano ulio karibu na walimu. Shule inaandikisha watoto 180 wa darasa la kwanza. Kwa kipimo chetu cha watoto 45 kwa mwalimu mmoja, inahitaji vyumba 4. Uandikishaji ukikua sawa na kasi ya watu wetu, baada ya miaka kumi watoto hao watakuwa karibu 247, na vyumba vinavyohitajika vitakuwa 6. Hapo hatujapunguza msongamano hata kidogo, hatujaongeza maabara, wala hatujaweka kitabu cha pili mezani. Tumejenga na kuajiri ili tubaki pale pale tulipokuwa. Ndivyo ilivyo kwa zahanati, kwa visima na kwa vitanda vya wazazi. Sehemu kubwa ya jasho letu inakwenda kwenye kusimama mahali pamoja.

Na mfano wa mkulima ni huo huo. Mzee mwenye ekari 12 na watoto wanne warithi atampa kila mmoja ekari 3. Hao nao wakipata wanne wanne, kila mjukuu atapata robo tatu ya ekari. Ziwa letu nalo halipanuki. Sangara alipozidi katika miaka ya 1980 na 1990, vijana wengi wa Mara walipata riziki katika mitumbwi na katika viwanda vya minofu. Lakini samaki walipopungua, wavuvi hawakupungua. Kiwanda cha nguo cha MUTEX, kilichojengwa ili pamba yetu iwape vijana wetu kazi, kilisimama wakati vijana wanazidi. Kwa hiyo swali letu halihusu wingi wa watu peke yake. Linahusu wingi wa watu pamoja na kazi wanayoikuta wakishakua.

Somo la Azimio la Musoma

Ndugu Walimu, mji huu wa Musoma una somo lake katika jambo hili. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi ya elimu ya msingi. Lilikuwa azimio la ushujaa. Vyumba havikutosha na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu, wakafundishwa kazi huku wakifundisha, na watoto waliokuwa wakichunga wakaingia madarasani.

Tumezoea kulihesabu Azimio hilo kwa upande wa watoto. Tulihesabu leo kwa upande wa uzee. Kijana aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1975, akapewa chaki na mtumbwi wa kumvusha kwenda kisiwani kufundisha, alifikisha miaka 60 mwaka 2019. Mwalimu wa UPE ndiye mstaafu wa leo. Na mtoto wa miaka saba aliyemkuta darasani mwaka 1977 atafikisha miaka 60 mwaka 2030. Wimbi lile lile lililojaza madarasa yetu sasa linaelekea kwenye madirisha ya pensheni. Watu hawapotei katika hesabu, Ndugu zangu. Idadi iliyoingia darasa la kwanza, ukiondoa waliotangulia mbele ya haki, lazima siku moja ionekane kwenye orodha ya wazee. Aliyejua idadi ya watoto mwaka 1977 alikuwa na miaka 53 ya kujiandaa kuwapokea uzeeni.

Je, tulijiandaa? Jibu lina sehemu ambayo watumishi wanaijua vizuri. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa Serikali hakuwa akichangia pensheni yake. Hazina ndiyo iliyoahidi kulipa. Mfuko wa PSPF ulipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, michango ikaanza kukatwa, lakini mfuko ukabebeshwa pia wastaafu wa miaka ya nyuma ambao hakuna senti iliyokuwa imewekwa kwa ajili yao. Deni likakua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na mwaka 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 ili kulipunguza deni hilo la kabla ya 1999. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini tujifunze: ahadi ya uzee isiyowekewa akiba haifutiki. Inasubiri, inazaa, kisha inamdai mtoto ambaye hakuwepo ilipotolewa.

Na kikokotoo, ambacho kimewakosesha wengi wenu usingizi, nacho kinatokana na hesabu hii ya umri. Kanuni za mwaka 2018 zilipoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25, watumishi walilia, na mwezi Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akaagiza zisitishwe. Julai 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33 na kinachobaki kilipwe kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuwapandisha hadi asilimia 40 wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Sina nia ya kufungua tena ubishi huo hapa. Ninachotaka tukione ni kwamba ndani ya kikokotoo mna makisio ya miaka ambayo mstaafu atalipwa. Katika miaka ya 1960 mtoto wa Tanzania alitarajiwa kuishi miaka isiyofika 45. Sasa matarajio hayo yamepita miaka 65. Kuishi zaidi ni ushindi wa zahanati zetu, wa chanjo na wa maji safi. Lakini kila ushindi una bei yake, na bei ya huu ni miaka mingi zaidi ya kumlipa mstaafu. Mfuko unaopokea asilimia 5 kutoka kwa mtumishi na 15 kutoka kwa mwajiri hauwezi kuidharau bei hiyo.

Mtoto Kama Pensheni

Lakini sisi wenye kikokotoo cha kugombania ni watu wa bahati. Mvuvi wa Mwigobero, mkulima wa Bunda na mama anayekaanga dagaa Makoko hawana kikokotoo. Kikokotoo chao ni watoto. Wanajua kwamba nguvu zitakwisha, na wanajua kwamba siku hiyo hakuna dirisha la kwenda kupanga foleni. Basi wanazaa, na wanazaa wengi, kwa sababu miongoni mwa watoto sita mmoja atakufa, mwingine atapotelea mijini, mwingine atakuwa mlevi, na huenda wawili wakabaki wa kumkumbuka mama. Kumwita mtu huyu mjinga ni kutokumwelewa. Anaweka akiba katika benki pekee iliyomfungulia mlango.

Ushahidi mzuri wa jambo hili upo kwa ndugu zetu Wakurya. Wanayo ndoa iitwayo nyumba ntobhu, ambapo mama, mara nyingi mjane au mtu mzima asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari ya ng'ombe mwanamke mwenzake, na watoto atakaowazaa binti yule huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama. Wageni wameishangaa desturi hiyo na kuiandika kwa namna nyingi. Mwenye jicho la uchumi ataona jambo lililo wazi: mama yule ananunua uzee salama. Anageuza ng'ombe kuwa mikono ya kulima, kuchota maji, kumtunza na kurithi boma lake. Wazee wetu walikwisha kutambua kwamba uzee usio na mtunzaji ni hatari, wakatafuta dawa kwa vifaa walivyokuwa navyo.

Na hatari hiyo si ya kufikirika. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa tumekuwa na aibu ya vikongwe kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni waliopikia chakula cha watu wengine kwa miaka hamsini. Mzee asiye na kipato, aliyekaa juu ya kipande cha ardhi kinachotamaniwa na warithi, amezungukwa na hatari. Umaskini wa uzeeni unaweza kuua.

Basi anayekwenda kijijini na ujumbe wa "zaeni wachache" pasipo kuwa na jibu la swali "nani atanitunza?", anamtaka mwananchi avunje ghala lake kabla hajaonyeshwa ghala jingine. Hatasikilizwa, na hastahili kusikilizwa.

Wengine Walipita Wapi?

Tuziangalie nchi nyingine, si kwa kuziiga bali kwa kujifunza. Agosti 1974, miezi mitatu kabla ya Azimio la Musoma, mataifa yalikutana Bucharest kuzungumzia idadi ya watu. Nchi tajiri zilitaka uzazi wa nchi maskini upunguzwe. Nchi maskini zilijibu kwamba umaskini wetu hautokani na watoto peke yao, na ujumbe wa India ulisema kwamba maendeleo ndiyo dawa bora ya kupunguza uzazi. Lilikuwa jibu sahihi. Kwa bahati mbaya, India yenyewe ililisahau. Wakati wa hali ya hatari ya mwaka 1975 hadi 1977, mamilioni ya watu walifungwa uzazi, wengi wao kwa kushurutishwa, na watumishi wa umma, wakiwamo walimu, walipewa idadi ya watu wa kuwapeleka. Mwaka 1977 wananchi waliiondoa serikali hiyo kwa kura, na jina la uzazi wa mpango likanuka kwa miaka mingi.

China ilianza na jambo jema. Katika miaka ya 1970, kwa elimu, kwa zahanati za vijijini na kwa kuhimiza ndoa za umri mkubwa zaidi, idadi ya watoto kwa mwanamke ilishuka kutoka karibu 6 hadi chini ya 3. Kisha, kuanzia mwaka 1980, ikaweka sheria ya mtoto mmoja. Kwa miaka thelathini hivi mikono ilikuwa mingi na vinywa vichache, na wakati huo huo China ilijenga viwanda vya kuipa mikono hiyo kazi. Hapo ndipo utajiri ulipopatikana. Lakini kijana mmoja akabaki chini ya wazazi wawili na mababu wanne. Sheria ilifutwa kwa kuruhusu watoto wawili kuanzia 2016, kisha watatu mwaka 2021, watu hawakuitika. Mwaka 2022 idadi ya Wachina ilianza kupungua, na kuanzia Januari 2025 umri wa kustaafu umeanza kusogezwa mbele kidogo kidogo. Korea ya Kusini, iliyowahimiza watu wake tangu mwaka 1962 wazae wachache, mwaka 2023 ilikuwa na chini ya mtoto mmoja kwa mwanamke. Na sasa inatumia fedha nyingi kuwabembeleza wazae, pasipo mafanikio ya kuridhisha.

Jirani zetu wa Kenya, ambao kutoka hapa ni mwendo wa kupita Sirari tu, walianza mpango wa Taifa wa uzazi mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8 kwa wastani. Mwaka 2022 ilikuwa 3.4. Kwetu, ambako UMATI ilianza kazi mwaka 1959 na sera ya kwanza ya Taifa ya idadi ya watu ilipitishwa mwaka 1992, wastani ulikuwa zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukawa 4.8 mwaka 2022. Tunashuka, lakini polepole.

Viongozi wetu wenyewe wameliona jambo hili kwa macho mbalimbali. Hayati Rais Magufuli, mwaka 2018 na 2019, aliwahimiza wananchi wazae, akitaja kwamba nchi zenye watu wengi kama China zina uchumi mkubwa. Rais Samia, akiwa ziarani mkoani Geita mwaka 2022, alitazama wingi wa watoto wanaozaliwa na kuhimiza uzazi wenye mpango, kwa hofu kwamba huduma hazitatosha. Mtumishi wa umma asiyumbishwe na tofauti hizo. Kila kauli ina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba soko kubwa na nguvukazi kubwa ni mali. Ni kweli pia kwamba nguvukazi ni mali iwapo tu ina afya, ina elimu na ina kazi. China haikutajirika kwa sababu ya wingi peke yake. Ingekuwa hivyo ingetajirika zamani sana.

Tufanye Nini?

Kwanza, tukatae shuruti ya kila namna. Mama asilazimishwe kuzaa, wala asilazimishwe kutozaa. Kazi ya dola ni kuhakikisha kwamba anayetaka kupumzisha tumbo lake anaipata huduma karibu, kwa siri na kwa heshima, na anayetaka mtoto anajifungua akiwa salama. Mtoto anayeishi ndiye anayemshawishi mzazi kwamba hahitaji wengine wanne wa akiba.

Pili, tumlinde binti abaki shuleni. Walimu mnajua kuliko mimi: msichana anayemaliza sekondari huolewa akiwa amekomaa, huzaa kwa nafasi, na watoto wake husoma. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu waliojifungua warudi masomoni. Ruhusa hiyo ni karatasi mpaka mwalimu mkuu atakapompokea binti pasipo kumsimanga.

Tatu, tutumie wakati tulionao. Hata uzazi ukipungua kesho, watu hawatapungua upesi, kwa kuwa watoto zaidi ya milioni 26 waliohesabiwa mwaka 2022 hawajaanza kuzaa. Wazee wa mwaka 2080 tayari wamezaliwa. Wengine wako darasa la pili hapa Kamunyonge. Kupunguza uzazi hakutapunguza hata mmoja wao. Kinachoweza kubadilika ni kiasi cha mikono itakayokuwapo kati ya vinywa vya watoto na vinywa vya wazee, na kazi itakayofanywa na mikono hiyo. Uzazi ukishuka pasipo viwanda, pasipo kilimo cha umwagiliaji na pasipo ufundi, tutazeeka kabla ya kutajirika, na hilo ni balaa kuliko ya kwanza.

Nne, pensheni isiwe ya wenye ofisi tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikiri hali ngumu ya wazee wetu. Zanzibar imetangulia: tangu mwaka 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa umri huo. Tupige hesabu ya Tanzania Bara na Visiwani kwa pamoja: wazee milioni 3 na nusu wakipewa shilingi 20,000 kila mwezi, gharama ni shilingi bilioni 70 kwa mwezi, sawa na bilioni 840 kwa mwaka. Tukianza na wenye miaka 70, gharama itapungua sana. Si fedha ndogo. Lakini ile hati fungani moja ya kulipia ahadi zisizowekewa akiba ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kiasi hicho. Mzee anayepokea shilingi hizo hununua chumvi, sabuni na daftari la mjukuu katika duka la hapo hapo. Na mkwe akijua kwamba bibi ana kipato, bibi haitwi mchawi kwa urahisi.

Tano, na hili ni letu sisi, tuache kasumba ya kuwatazama wananchi wanaozaa wengi kama watu wa nyuma, huku sisi tumejihifadhi nyuma ya mifuko. Mtumishi mwenye watoto wawili na pensheni ya kila mwezi hana haki ya kumcheka mvuvi mwenye watoto saba na nyavu zilizotoboka. Tofauti yao si akili, ni hifadhi. Mpe mvuvi hifadhi, naye atapiga hesabu kama wewe.

Ndugu zangu, mtoto si mzigo na mzee si mzigo. Wote wawili ni sisi wenyewe, wa jana na wa kesho. Taifa huingia hasara pale linapomwacha mtoto akue pasipo ujuzi, na pale linapomwacha mzee afe pasipo matunzo, kwa kuwa mwenye kushuhudia hayo ataendelea kuzaa kwa hofu. Azimio la Musoma lilipopitishwa, wengi walisema kwamba nchi maskini haiwezi kumpeleka kila mtoto shule. Nchi iliamua, na watoto wakaenda. Watoto wale sasa wana mvi. Kilichobaki ni kuamua juu ya uzee kwa ujasiri ule ule tulioamulia juu ya utoto, na tuamue wakati mikono yetu ingali mingi.